Kuuliza na Kusikiliza: Historia ya Chuo Kikuu Vinywani mwa Watumishi Wake

Atakaye kuijua historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapati taabu kuzipata tarehe. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo kimoja tu cha Sheria na wanafunzi wasiofika 20. Wakati huo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Hayo yote yameandikwa, tena zaidi ya mara moja.

Lakini tarehe hizo ni kama nguzo za nyumba isiyokandikwa. Umbo la nyumba unaliona, ila huwezi kulala humo. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao, wengi wakiwa wa chuo hicho, wakarudishwa makwao. Hasira ya Rais na madai ya wanafunzi tunayasoma vitabuni. Je, mpishi aliyezoea kupikia mamia aliambiwa nini asubuhi iliyofuata? Mfagiaji wa mabweni alikuta nini vyumbani? Maswali ya namna hiyo hayajibiwi na kumbukumbu za vikao. Majibu yake yamo vichwani mwa watu, na mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa anakaribia 80.

La kupendeza ni kwamba chuo hichohicho ni miongoni mwa vilivyotufundisha kuuthamini ushahidi wa mdomo. Mwaka 1968 wanafunzi wake wa historia walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ingawa miaka zaidi ya 60 ilikuwa imekwisha kupita. Mwaka 1969 Isaria Kimambo alitoa kitabu chake cha historia ya Wapare, kazi iliyotegemea sana masimulizi ya wazee. Basi ikiwa mkulima wa Umatumbi alistahili kuulizwa, sisi hatuoni sababu ya kumwacha mtunza maktaba, dereva au karani aliyekaa chuoni miaka 30.

Kwa fikra hiyo, sisi walimu watatu wa somo la historia tulifanya mahojiano na wastaafu wa chuo kikuu kimoja, wahadhiri pamoja na watumishi wengine. Chuo hatukitaji, wala watu hatuwataji, kwa kuwa baadhi yao walitaka hivyo. Tunasimulia hapa yale tu ambayo yaweza kumfaa mwalimu atakayesimama mbele ya darasa na kutaka wanafunzi wake wawaulize wakubwa zao.

Tulianza na maprofesa, kama ilivyo desturi ya watu wenye haya. Wa kwanza alitupokea vizuri, akatuketisha, kisha akatoa mhadhara. Tuliuliza habari za kuanzishwa kwa idara yake. Akatupa majina ya kamati na shabaha za kila kamati kwa mpangilio, kama mtu asomaye kitabu. Kwa kweli alikuwa anasoma kitabu, maana aliyoyasema tuliyakuta baadaye katika ripoti aliyoiandika mwenyewe. Ndipo mwenzetu mmoja akamwuliza, "Mzee, mvua iliponyesha mlikuwa mnafundishaje katika chumba kile cha mabati?" Akanyamaza. Akacheka. Akasema kwamba mvua ikishika alikuwa anaacha kusema kabisa, anaandika ubaoni, na wanafunzi wanaandika. Na kwamba mwaka mmoja mvua za masika zilikuwa nyingi hata akaona kuwa yale ya ubaoni wanayaelewa kuliko yale ya mdomo, akabadili ufundishaji wake wote. Hilo halimo katika ripoti yoyote.

Tangu siku hiyo tuliacha maswali ya "umuhimu" na "mchango". Mtu akiulizwa mchango wake hujivika joho. Akiulizwa mikono yake ilifanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni, husema.

Mama mmoja, mpiga taipu kwa miaka mingi, alitufundisha zaidi ya wote. Yeye ndiye aliyekuwa akichapa mitihani kwenye stensili, kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya kurudufu. Stensili zilizoharibika zilichomwa moto mbele ya msimamizi, na majivu yakavurugwa kwa kijiti. "Lakini wanangu," alisema, "kichwa changu nani angekichoma?" Mwaka mmoja mtoto wa dada yake alikuwa mwanafunzi wa idara ileile, tena akilala nyumbani kwake. Mama yule alichukua mkeka, akahamia kwa shoga yake kwa wiki tatu, asipate kukaa mezani na kijana huyo. Kijana hakuambiwa sababu. Alidhani shangazi wa jirani amemchukia mama yake mdogo akamwita kuombana radhi, na hadithi hiyo ikazunguka ukoo mzima kwa miaka. Mtihani wenyewe alifeli.

Kanuni za mitihani za chuo kile tumezisoma. Zimeandikwa vizuri, zina vifungu na vifungu vidogo. Mkeka haumo.

Yafaa sasa tuseme neno juu ya usahihi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba kumbukumbu za mdomo ni porojo. Ni kweli kwamba wazee huchanganya miaka. Wengi wa tuliowahoji hawakuweza kutaja mwaka wa jambo, wala hatukuwasumbua. Tuliwauliza: ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha au baada yake? Wakati wa Vita vya Kagera ulikuwa ofisi gani? Sabuni na sukari zilikuwa zimekwisha kuadimika? Kwa njia hiyo jambo hupata mahali pake kati ya 1967 na miaka ya mwanzo ya 1980, kisha mtu huenda kulitafuta katika majalada. Majalada nayo hukosea. Yapo yaliyoandikwa makusudi ili yakosee.

Katika kuandika tuliyoyasikia hatukumsahihisha mtu. Aliyesema "taipureta" tuliandika taipureta, na aliyerudia neno mara tatu tuliliandika mara tatu. Simu za leo hunasa sauti bila shida, tofauti na vinasa sauti vya utepe vilivyobebwa begani. Ila simu huibwa na huharibika. Kwa hiyo nakala ya karatasi ni ya lazima, na aliyesema asomewe kabla haijawekwa.

Tarishi mmoja mzee alizungumza nasi saa mbili. Kesho yake alfajiri alibisha hodi. "Yale ya jana kuhusu yule bwana, yafuteni. Watoto wake tunasali nao." Tulibishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu aliona kwamba ile ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, tena barua tulizokwisha kuziona zinaithibitisha. Akapendekeza ifungiwe kwa miaka 30. Tukampelekea mzee pendekezo hilo. Akajibu kwamba baada ya miaka 30 wajukuu zake na wajukuu wa yule bwana watakuwa bado majirani. Tulifuta mbele yake, dakika 20 nzima. Historia ya chuo imepungukiwa kwa hilo. Mwenzetu hadi leo hajaridhika, nasi hatujaribu kumridhisha, kwani hoja yake si nyepesi. Ila neno ni la aliyelisema, naye alikuwa hai, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Shule ya msingi utakayopangiwa nayo ina mpishi, ina mlinzi, ina wazee waliofyatua matofali ya madarasa ya kwanza. Wanafunzi wa darasa la tano wanaiweza kazi hii. Watume wawiliwawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Waamkie kwanza, waseme wametoka wapi na maneno yatawekwa wapi, waombe ruhusa. Maswali matano yatosha, yote yakihusu kazi. Mzee akinyamaza wasiharakishe kujaza kimya. Wahesabu polepole moyoni hadi kumi. Daftari moja gumu liwekwe kabatini kwa mwalimu mkuu, na nakala moja abaki nayo aliyehojiwa. Mpishi ahojiwe baada ya kuosha masufuria, na mlinzi wa usiku asifuatwe asubuhi. Aachwe alale kwanza.