Jumba la Masista, Dirisha la Kabaila na Picha Niliyoifuta

Niwaambie ukweli wadau, mimi Lacock sikwenda kutafuta historia. Nilikwenda kutafuta picha.

Shosti wangu mmoja hapa Bristol, jina kapuni maana ana wafuasi wake Insta na baadhi yenu mmo, alinipigia Jumamosi asubuhi: "Vaa lile koti lako la kaki, kuna sehemu nataka twende. Kiingilio juu yangu." Hilo neno la mwisho ndo lililonitoa kitandani. Wiki hiyo kazini walikuwa wamenipunguzia zamu kutoka tano hadi mbili. Nahudumia wazee, kazi ambayo wengi wetu huku tunaifanya ila hatuiposti. Kodi ya chumba ilikuwa imebakiza siku tisa, na Dar mama alikuwa anasubiri ada ya mdogo wangu. Nyumbani sikuwa nimemwambia mtu. Status yangu ya WhatsApp ilisema mambo ni moto.

Tukapanda treni mpaka Chippenham, si mbali, halafu basi. Unashuka kwenye kijiji ambacho unaweza kuapa saa imesimama: nyumba za mawe na za mbao zilizopindapinda, hakuna waya wa umeme unaoning'inia. Karibu kijiji chote ni mali ya National Trust, ile taasisi ya Waingereza inayotunza majumba ya kale, ndo maana watu wa filamu hawaishi kwenda. Ile tamthilia ya Pride and Prejudice ya mwaka 1995 walipiga humo mitaani. Sasa mwisho wa kijiji, nyuma ya nyasi, ndo kuna lenyewe: Lacock Abbey.

Kwa mbele ni jumba la kitajiri haswa. Dohani kibao, mnara kwenye kona, madirisha marefu. Nikajua tu hapa alikuwa anakaa lodi fulani na farasi wake. Shosti akaanza kunipanga: simama hapa, geuka, usicheke. Picha kama ishirini hivi. Ndo tukaingia mlango wa chini, na hapo nikaishiwa maneno.

Kwa sababu ndani ya lile jumba kuna jumba lingine. Katikati kuna kiuwanja cha nyasi, na kimezungukwa na varanda za mawe zenye matao. Ukiinua uso, dari imechorwa mbavu za mawe zinazokutana juu kama mifupa ya mwavuli, na kila zinapokutana kuna kitu kimechongwa: sura ya mtu, mnyama, ua. Baridi. Kimya. Hii haikuwa nyumba ya lodi. Hii ilikuwa abasia. Mliokulia kusini kule Songea na Masasi neno mnalijua, kwa sababu ya Peramiho na Ndanda. Ila hii ilikuwa ya masista, Waagustino, na aliyeianzisha alikuwa mwanamke.

Anaitwa Ela, Bibi wa Salisbury. Huyu mama mngempenda. Mume wake William Longespée alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa mfalme Henry wa Pili. Akasafiri vitani, meli ikapata dhoruba, habari zikaenea kwamba kafa. Hata matanga hayajaisha vizuri, wakubwa wakaanza kumletea mama wa watu mchumba. Akagoma. Mume akarudi kweli, lakini haikupita muda, mwaka 1226, akafariki. Ela akabaki mjane, tajiri, watu wanammezea mate, na hakuolewa tena. Akashika hadi usherifu wa jimbo la Wiltshire, enzi hizo! Mwaka 1232 akaweka jiwe la msingi pale Lacock, baadaye akavaa utawa mwenyewe, akawa mama mkuu. Amezikwa humohumo. Mi nilisimama nikafikiria: huyu alijijengea mlango ambao mwanaume yeyote akija kuposa, anakuta umefungwa.

Vyumba vinavyozunguka ile varanda vinajieleza. Kuna sakristia. Kuna ukumbi ambao masista walikuwa wanakutana kila siku, wanasomewa sura ya kanuni zao. Kuna chumba cha kuota moto, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko kote, maana kina habari yake: katika baridi yote ile, masista hawakuruhusiwa moto hovyohovyo, chumba hiki ndo kilikuwa cha kupasha mwili. Katikati kuna sufuria kubwa la shaba lililotengenezwa mwaka 1500 huko Ubelgiji ya leo. Yaani pilau la shughuli ya mtaa mzima linaenea. Mi ninayezima hita chumbani kuogopa bili, nikawaelewa wale akina dada vizuri sana.

Watoto waliokuwemo humo hawakuwa na habari na masista. Walikuwa wanapiga kelele za Harry Potter. Ni kweli, filamu za mwanzo walipiga hapa: sakristia ikawa darasa la Snape, chumba cha moto kikawa darasa la Quirrell, na ule ukumbi wa mikutano ndo Harry alimokikuta kile kioo kinachokuonyesha unachokitamani kuliko vyote. Kioo chenyewe hakipo, ilikuwa ni vifaa vya filamu tu. Lakini watu wanapanga foleni wapigwe picha mahali kilipokuwa. Na sisi tulipanga.

Sasa jumba la kitajiri limetokea wapi? Mwaka 1539 mfalme Henry wa Nane, yule wa wake sita, alikuwa anafunga nyumba zote za watawa nchini na kuzichukua. Masista wa Lacock wakapewa pensheni wakatoka. Mwaka uliofuata mali ikauzwa kwa pauni 783 kwa bwana mmoja wa mjini anaitwa William Sharington. Wenzake wengi walionunua abasia walibomoa wakabeba mawe. Yeye alibomoa kanisa tu. Varanda, sakristia, chumba cha moto, vyote akaviacha chini kama vilivyo, halafu yeye akahamia ghorofani, kule masista walikokuwa wanalala na kula. Akaongeza mnara wa pembe nane, na ndani yake meza ya jiwe, nayo ya pembe nane. Ndo mtindo uliokuwa unatamba.

Kwa hiyo jumba lote limekaa juu ya kichwa cha jumba jingine. Juu mazulia na picha za mababu, chini mawe matupu.

Na pesa za Sharington mnataka kujua? Alikuwa mkubwa kwenye kiwanda cha sarafu za serikali pale Bristol. Alikuwa anatengeneza sarafu pungufu, tofauti inaingia mfukoni, na vitabu vya hesabu anavipika. Mwaka 1549 akadakwa, akahukumiwa kufa. Akasamehewa! Akanunua mali zake upya, na kabla hajafa akateuliwa sherifu wa Wiltshire. Kiti kilekile cha Ela. Jamani, haya mambo hayajaanza leo.

Jumba likaja kwa mdogo wake, ambaye alikuwa na binti, Olive. Hapa kuna stori ya zamani ambayo wenyeji wanaipenda: eti binti alikuwa juu ya paa anaongea na mpenzi wake John Talbot aliyeko chini, baba kamkataa kijana, binti akasema narukia. Akaruka kweli! Gauni likashika upepo likampunguzia kasi, akamtua kijana kifuani hadi akazimia. Baba akasema basi, aliyeruka hivyo na aolewe. Sijui chumvi ni kiasi gani, ila ndoa ni ya kweli, na ndo ilivyoingia familia ya Talbot. Mmoja wao katika miaka ya 1750 akajenga ukumbi mkubwa wa mbele kwa mtindo wa Kigothi wa kuigiza, matao ya kikanisa kwenye nyumba ya kula na kunywa. Yaani abasia ya kweli ipo humohumo chini, juu wamejenga ya maonyesho. Na mimi asubuhi nilipigia picha ile ya maonyesho.

Lakini kilichonikamata kilikuwa ghorofani, upande wa kusini. Kuna ubaraza mrefu, na katikati kuna dirisha dogo lililotokeza nje ya ukuta, lenye vioo vidogovidogo vya mshazari. Shosti akasema hapo hapo, mwanga ni mzuri, angalia nje kama unawaza. Nikaangalia nje kama ninawaza. Picha ikatoka kali, sitaki kudanganya. Nikaiweka status palepale: "Wikendi yangu."

Mzee mmoja anayejitolea kulinda chumba akatusogelea, nikajua tunafukuzwa. Kumbe anataka kutuambia tulipigia picha nini. Agosti 1835 mwenye nyumba, William Henry Fox Talbot, aliweka hapo kikamera kidogo cha mbao, karatasi yenye dawa ndani, akakielekeza kwenye dirisha hilohilo. Hiyo karatasi, ndogo karibu kama stempu, ndo negativu ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Vikamera vyake mke wake Constance aliviita mitego ya panya. Na sababu ya kuhangaika kote huko? Mwaka 1833 walikuwa Italia kwenye ziwa Como, watu wa familia wanachora mandhari vizuri, yeye mkono haufanyi kazi. Aibu. Ndo akawaza, kwani mwanga hauwezi kujichora wenyewe?

Huyu naye baba yake alikufa yeye akiwa mtoto mchanga, akaacha madeni. Jumba likapangishwa, mama na mtoto wakawa wanakaa kwa ndugu huku na kule. Alirudi kuishi Lacock mwaka 1827, mtu mzima. Lile dirisha ni yeye na mama yake walioliongeza.

Mzee akatuonyesha nakala ya ile negativu. Nilitegemea kuona mwanga. Vioo vyote ni vyeusi. Palipopita jua pamekuwa giza, na mbao za dirisha, ambazo hazikuwa na mwanga kabisa, ndo zinang'aa. "Hapo ndipo picha zote zilipoanzia," akasema, "kwanza unaipata kinyume."

Kwenye basi la kurudi mama alikuwa ameshaandika chini ya status: "Mashallah mwanangu, umenawiri. Ile ada usisahau, mwisho Ijumaa." Shosti akachungulia akacheka, akasema andika Amina. Mi nikaangalia ile picha. Koti la kaki, mkono kwenye kidevu. Nikaifuta. Nikampigia.

Nikamwambia yote, palepale kwenye basi, Kiswahili changu kinajaa viti vyote: zamu mbili, kodi, hita, kwamba Ijumaa sitaweza na kwamba nilikuwa naona haya kusema. Mama akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Kwa hiyo lile jumba si unapokaa?"

"Hapana mama. Nilikwenda kutembea tu."

"Haa. Na mimi nilishawaonyesha akina mama wa kikoba." Akashusha pumzi. "Haya. Kesho kikao kipo, nitawaambia. Na nitawaomba mkopo wa ada, wewe utalipa polepole. Umekula?"