Klachi ya Gari Lililoongezwa Nguvu: Kumbukumbu za Fundi wa Goba

Klachi huuawa na joto. Injini inapotoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kubwa kuliko presha (sahani inayoikandamiza pleti) inavyoweza kubana, pleti huteleza juu ya flaiwili na uso wake huungua. Dereva husikia harufu, kisha huona mshale wa mizunguko ukipanda huku mwendo uko palepale. Goba huharakisha jambo hilo. Kata hii, iliyokuwa chini ya Kinondoni kabla ya Wilaya ya Ubungo kuanzishwa, imekaa vilimani. Njia za kwenda Tangi Bovu, Makongo na Madale ni za kupanda na kushuka, na foleni ikisimama katikati ya mlima madereva wengi hulizuia gari kwa klachi badala ya hendibreki.

Fundi anayesimuliwa hapa, ambaye ndiye mwandishi, aliingia gereji akiwa kijana wa kushika tochi na kupokeza spana, akaishia kuwa mtu wa giaboksi. Magari yaliyomfikia yalikuwa ya Kijapani, na kila moja lilikuja na hesabu yake. Starlet Glanza yenye turbo hutoka kiwandani na torki ya niutoni-mita 157. Altezza RS200 ina 216. Chaser yenye injini ya 1JZ-GTE ya turbo moja hukaribia 380, na huzitoa mapema, kwenye mizunguko 2,400 tu. Presha ya turbo ikipandishwa, torki hupanda mara moja, na klachi ya kiwandani hubaki ilivyo. Wenye magari hayo hawakuwa matajiri. Wengi walilipia kwanza turbo, ekzosi na programu ya injini. Klachi waliikumbuka fedha zilipokuwa zimekwisha.

Uwezo wa klachi hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: idadi ya nyuso zinazosuguana, kiwango cha msuguano wa malighafi ya pleti, kani ya presha, na nusu kipenyo cha wastani cha pete inayosuguana. Chukua pleti ya milimita 230 ambayo pete yake inaanzia kipenyo cha milimita 150. Wastani wa nusu kipenyo ni milimita 95. Presha ikibana kwa niutoni 6,000 na msuguano ukiwa 0.3, nyuso mbili hubeba niutoni-mita 342. Presha ya niutoni 7,500 kwa pleti ileile hubeba takriban 427. Fundi aliandika hesabu hii kwa chaki ukutani mwa gereji, na ndiyo iliyomwonyesha kwamba kwa gari la barabarani fedha chache hufanya kazi zaidi zikiwekwa kwenye presha nzito kuliko kwenye pleti ya ajabu.

Mteja mara nyingi hufika na jibu lake mkononi.

"Fundi, nifungie ile ya resi, ya vipande vya shaba."

"Kaka, asubuhi unapita wapi?"

"Makongo, halafu Mwenge."

Maongezi hayo yalikuwa yanatosha. Pleti ya vipande, ambayo uso wake ni mchanganyiko wa metali na kauri, hubeba torki kubwa na huvumilia joto kali, lakini hushika ghafla. Kwenye foleni ya mlimani gari hurukaruka, dereva huongeza mafuta ili lisizime, na mwisho flaiwili huchongwa kabla ya wakati wake. Pleti ya kawaida, ile ya nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, huanza kushika taratibu na inafaa mjini ilimradi presha iwe na nguvu. Ya kevla hudumu, ila inataka uvumilivu siku za mwanzo na ikiungua mara moja hairudi hali yake. Pleti yenye springi katikati hupunguza mtikisiko unaoingia giaboksi. Isiyo na springi iachiwe gari la mashindano, kama yale yanayokwenda Iringa kwenye Mkwawa Rally.

Presha nzito nayo ina gharama yake. Pedali huwa ngumu, masta silinda iliyochoka huanza kuvuja, na mguu ukikandamiza muda wote kwenye taa za barabarani hulichosha beringi la rilisi na vibanzi vya msukumo vya kreki. Kwa hiyo presha huongezwa kwa kiasi cha torki iliyopo, pamoja na akiba ndogo.

Spea hutafutwa Gerezani, Kariakoo, au kwa wauza mitumba wa Ilala. Katoni yenye jina la Exedy au Aisin haithibitishi kitu, maana katoni huchapwa na yeyote; bidhaa bandia ni kesi za kila siku za Tume ya Ushindani. Fundi alifungua katoni papo hapo dukani. Alitazama kama ribiti zimelala sawa, kama vidole vya presha viko kimo kimoja, akaingiza pleti kwenye shafti ya zamani aliyoibeba mfukoni mwa ovaroli kuona kama meno yanaoana bila kuchezacheza. Kwa Subaru aliuliza pia kama klachi ni ya kuvuta au ya kusukuma, kwani Impreza zinazofanana kwa nje hutofautiana hapo. Mtumba safi kutoka Japani ulikubalika kwa presha. Kwa pleti ulikubalika tu kama ribiti bado ziko chini sana ya uso. Zikibaki milimita 0.3, pleti imeisha. Beringi la mtumba hakulinunua kamwe.

Kushusha giaboksi ndiyo gharama isiyopungua, kwa hiyo kila kinachofikiwa kikiwa wazi hushughulikiwa siku hiyo: beringi la rilisi, beringi dogo la mwisho wa shafti, sili ya nyuma ya kreki. Tone moja la oili juu ya pleti mpya huharibu kazi nzima. Flaiwili yenye madoa ya buluu hupelekwa kwa mkerezaji, isipokuwa ile ya vipande viwili, ambayo kwa kawaida hubadilishwa. Baada ya kufungwa hupimwa kwa saa ya kupimia. Ikiyumba zaidi ya milimita 0.1 huvuliwa tena. Mteja aliyetaka kuruka hatua hii ili apunguze bei alishauriwa asubiri mshahara mwingine, hata kama gari lingelala gereji.

Klachi mpya huendeshwa taratibu kwa kilomita 800 hivi za mjini, turbo ikiwa kwenye presha ya kiwandani. Kisha urefu wa pedali hukaguliwa, chini ya kengele ya giaboksi hutazamwa kama kuna unyevu, na gari hupandishwa mlima kwa gia ya nne, mafuta yakikanyagwa hadi chini. Mizunguko ikipanda sawa na mwendo, presha ya turbo hurudishwa juu.