Tulihesabu Nyuma, Tungehesabu Mbele

Hapa Kolwezi umeme ukikatika, kila mtu anasikiliza jenereta ya jirani na kutamani. Nami nilitamani, nikanunua yangu. Usiku wa kwanza niliogopa wezi, nikaiwasha ndani ya koridoo, milango yote imefungwa. Mtoto wetu akasema, «Papa, kichwa kinaniuma», kisha akaanguka. Mama yake akafungua madirisha, tukamtoa nje. Kwa huruma ya Mungu akazinduka. Moshi ule uko na gazi isiyo na harufu, inaua watu katika usingizi. Mimi mchungaji nililinda mashini, nikasahau mtoto.

Kisha tukakaa chini na mama, tukahesabu haja zetu. Taa 3 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 75 tu. Redio na simu ni kidogo. Tukauza jenereta, tukanunua pano ya jua na batri ya volti 12. Usiku hatuimalizi, tunabakiza nusu, ili isife mapema. Friji tumeacha, samaki tunanunua wa siku ileile.

Na wewe uliye na jenereta, uiweke nje, mbali na madirisha. Afadhali mwizi achukue mashini kuliko moshi uchukue mtoto.