Plagi Kutoshea Si Kuelewana

Wahenga walilonga kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii ilinichoma jioni moja ndugu yangu mdogo, mwendeshaji wa bodaboda, alipoifikisha pikipiki yake ya umeme kwenye chaja ya kasi. Plagi iliingia barabara, umeme haukuingia. "Dada, wewe ndiwe msomi. Hebu nieleze maandishi haya." Niliyasoma kwa Kiingereza, nikashindwa kuyafafanua kwa Kiswahili.

Fundi ndiye aliyetufumbua macho. Kabla ya kutoa umeme, chaja huiuliza betri volti zake, joto lake na kiasi cha mkondo inachoweza kuhimili. Chaja ya volti 60 haiwezi kuijaza betri ya volti 72. Hata volti zikilingana, vifaa visivyozungumza lugha moja havisikizani. Ikabidi turejee kwenye chaja ya polepole iliyonunuliwa pamoja na pikipiki. Abiria wa jioni hiyo wakawa wa wengine.

Nami nahakiki sitiari usiku kucha! Wanakiswahili wenzangu, istilahi zetu zina faida gani zikibaki maktabani? Na zishuke stejini, mkate wa ndugu zetu unakopatikana.