Kunguru wa Dar: mgeni anayejua saa ya kula

Ukishuka pantoni upande wa Feri, Dar es Salaam, asubuhi mapema, kelele za kunguru zinashindana na za wanadi samaki. Wamejipanga juu ya mabati, kwenye nyaya na kingo za boti, macho kwa wanaopara samaki. Hawana haraka. Wanasubiri mtu ageuke.

Ndege huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili ale taka za mji. Taka alizila, kisha akahamia kwenye mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Yule kunguru wetu wa zamani, mwenye kifua cheupe, amekuwa adimu katika miji mingi ya pwani. Huenda methali ya kunguru mwoga kukimbiza ubawa wake ilimhusu yeye, maana huyu mgeni woga hana.

Anayefuga kuku uswahilini hahitaji kuelezwa. Kunguru huja wawili: mmoja anamchokoza mama kuku mpaka amfukuze, mwenzake anashuka nyuma na kunyakua kifaranga. Ndiyo maana vifaranga hufunikwa tenga, na pwani wapo wanaowapaka rangi ili adui asiwatambue. Mkate mkavu kunguru huuchovya kwenye maji ya beseni kwanza, ulainike. Tundu lake hulisuka kwa vijiti na vipande vya waya, na akiwa na makinda humshukia kichwani yeyote apitaye chini ya mti, mtoto wa shule akiwemo.

Je, anamkumbuka aliyemrushia jiwe? Huko Seattle, Marekani, mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwakamata kunguru wa huko, ndugu wa hawa wetu, wakiwa wamevaa kinyago, kisha wakawaachia. Miaka kadhaa baadaye, kila aliyepita na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Walikuwa wamejifunza kwa wenzao. Kwa hiyo mtoto anayelalamika kwamba kunguru wa mwembe wa jirani wanamwonea yeye peke yake asichekwe haraka. Aulizwe kwanza alifanya nini.

Akili hiyo ndiyo inayowatoa jasho wanaotaka kumpunguza. Dar es Salaam ilitegwa mitego ya vizimba, ndani akiwekwa kunguru hai pamoja na chakula na maji, kwa kuwa kunguru humwamini kunguru mwenzake. Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Hata sumu haitupwi tu. Kwanza wanalishwa nyama safi mahali pamoja mpaka wazoee, ndipo iwekwe yenye sumu, nayo huua baada ya saa kadhaa ili walio hai wasikiunganishe chakula na kifo. Ni kazi ya wataalamu. Mzazi asijaribu sumu yoyote uani, penye watoto, paka na kuku wake mwenyewe.

Lililo mikononi mwa familia ni dogo, lakini linamgusa kunguru penyewe. Ndege huyu haishi porini mbali na watu. Anaishi kwa mabaki yetu. Ndoo ya taka yenye mfuniko unaobana, matumbo ya samaki yaliyofukiwa badala ya kutupwa nyuma ya choo, na sufuria zisizolala nje na ukoko, humpunguzia riziki. Nyumba moja ikifanya hivyo peke yake, atahamia ya pili. Mtaa mzima ukifanya, shomoro na chozi watapata nafasi ya kulea makinda yao kwenye mti uleule.