Msiba wa Nani?

Watu kumi na mmoja wanatembea kwa mguu asubuhi ya Jumamosi. Hawana majembe, hawana ndoo kichwani, hawana bendera ya chama. Mpita njia yeyote wa nchi hii ana swali moja tu: msiba uko wapi? Tuliulizwa hivyo mara tatu kabla hata jua halijawa kali. Bibi mmoja aliyekuwa anamenya mihogo barazani alipokea shikamoo zetu zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, ndipo akauliza, "Haya wajukuu zangu, kafa nani?"

"Hajafa mtu, bibi. Tunatembea tu."

"Mnatembea kwa nani?"

Basi hapo ndipo mtu unapogundua kwamba hata lugha yenyewe inakushuku. Kwa Kiswahili chetu kutembea ni kwenda kwa mtu. Au ni ile nyingine, kutembea na mke wa watu, ambayo nayo si sifa. Kunyoosha miguu kilomita kadhaa kwa raha zako, bila nauli kukuishia, bado hakujapata neno la heshima. Wale wa jogingi wa Dar wameshazoeleka, wanakimbia alfajiri kwenye lami huku wanaimba, na kila mtu anajua ni afya. Sisi hatukimbii wala hatuimbi. Tunaonekana kama watu waliokosa basi.

Sisi ni vijana wa Kongowe. Niwahi kusema kabla mshikaji wa mjini hujanipeleka Mbagala: siyo Kongowe ya barabara ya Kilwa. Yetu ni ya Kibaha, barabara ya Morogoro, ukishaipita Maili Moja. Nawajua watu wawili waliofikishwa Kongowe siyo, na mizigo yao, kwa ajili ya jina hilo. Tumo mchanganyiko: msusi, fundi simu, wanachuo wawili, dereva wa bodaboda ambaye anasema anatembea ili mgongo upumzike, na wengine tuliomaliza shule na bado tunaangalia ustaarabu. Mara moja kwa mwezi tunachanga nauli na kwenda mahali. Mwezi wa tatu, masika ndiyo yanabisha hodi, tulikwenda vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Daladala ya alfajiri hadi Mbezi, nyingine hadi Gongo la Mboto, kisha Pugu, na kuanzia hapo miguu.

Mtu wa Moshi angecheka kuviita vilima. Kilimanjaro ina mita 5,895, na hapa sehemu za juu kabisa ni kama mita 300 tu. Lakini kwa mtu aliyekulia kwenye mchanga wa Pwani, mpando ni mpando. Fundi simu alikuja na yeboyebo, akazivua mkononi kabla hatujafika nusu ya njia.

Mwanachuo mmoja alitukumbusha kwamba njia hii iliwahi kutembewa na mkubwa kuliko sisi. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko hapo Pugu aliporudi kutoka Edinburgh, na siasa ilikuwa mjini, mbali kama kilomita 20. Siku za mapumziko alikuwa anashuka kwa mguu kwenda mikutanoni, TAA kwanza, kisha TANU kuanzia Julai 1954, mpaka Machi 1955 alipoacha ualimu. Habari hiyo tumeisikia tangu shule ya msingi, tena tukiwa tunasinzia. Ila ukiipanda Pugu mwenyewe ndipo unaifikiria ile safari ya kurudi, usiku, na kesho kuna kipindi. Lakini yeye, nikajisemea, alikuwa na safari. Angeulizwa msiba wa nani angekuwa na jibu.

Na mimi nilikuwa nalo, ila sikulisema kwa bibi.

Kabla ya Kongowe tuliishi Jangwani, chumba na ukumbi, wapangaji. Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa siku kadhaa na mto Msimbazi ukaingia ndani. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka godoro likielea kama mtumbwi, na mama akinipandisha juu ya bati la jirani, kaninga'ng'ania mkono hadi kucha zikaingia. Watu zaidi ya 40 walikufa jijini katika mafuriko yale. Baadaye wako waliopewa viwanja Mabwepande. Mama hakungoja orodha, alitubeba tukaenda kwa dada yake Kongowe, na tuko huko mpaka leo. Msimbazi hautajwi nyumbani. Ukipita kwenye taarifa ya habari, mama anakwenda kuangalia jiko.

Sasa Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi vya Pugu. Nililijua hilo kwenye ramani, na ndiyo sababu nilipiga kura ya Pugu wakati wenzangu wanataka Bagamoyo kwenda kuogelea.

Kabla ya kuingia msituni tulikutana na jamaa mwenye baiskeli na magunia matatu ya mkaa. Anasukuma, haendeshi, shingo imemsimama mishipa. Yule mwanachuo wetu wa mambo ya mazingira akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndio hawa wanaomaliza msitu." Jamaa akatusikia, hakujibu. Akayejibu ni msusi.

"Kwenu mnapikia nini?"

"Gesi."

"Na maharage?"

Tulicheka wote, mpaka mwenye baiskeli. Maana kila mtu anaijua ile nyumba yenye mtungi wa gesi sebuleni na jiko la mkaa uani kwa ajili ya maharage na makongoro. Bodaboda wetu akaenda nyuma ya baiskeli akamsukumia hadi mpando ulipoisha. Hakuna aliyeuliza mkaa umetoka msitu gani. Mimi nilinyamaza kuliko wote. Mama anauza chapati na maharage pale Kongowe. Ada yangu, sare yangu na hata nauli ya siku hiyo vimepitia kwenye jiko la mkaa.

Msitu wenyewe, Pugu na mwenzake Kazimzumbwi, tangu 2020 ni hifadhi ya mazingira asilia. Unalipa kiingilio, unapewa mtu wa kukuongoza. Tulionyeshwa machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Siku hizi wapangaji ni popo, na harufu yao inakupokea kabla ya wao. Tulisikia hondohondo wakilia juu kama watoto wanaogombana. Kusema kweli nilikuwa nasikia nusu nusu. Nilikuwa nangoja maji.

Kiongozi alisema mto hauna mlango mmoja. Ni vijito kadhaa vinavyokutana huko chini, na akatupeleka kwenye kimojawapo. Nikakivuka kwa hatua moja. Moja! Nikarudi nikakivuka tena. Maji yalikuwa masafi, yanapita juu ya majani makavu bila hata sauti.

Hapo ndipo mvua ikaanza. Sijui kama umewahi kunyeshewa ndani ya msitu. Kwanza unaisikia juu, kishindo kabisa, halafu unajiangalia na huna tone. Matawi yanaipokea, yanaigawana, na inakufikia baadaye, kidogo kidogo, kama mshahara wa kibarua. Chini majani yaliyooza yalikuwa yanakunywa tu. Tulikaa karibu nusu saa chini ya mti, tunakula chapati za mama, na kijito changu hakikupanda hata kidole. Mvua ilipokatika juu, huku chini iliendelea kudondoka kwa muda mrefu.

Tukatoka nje, kwenye upande uliokatwa zamani wenye vichaka na shamba la mihogo. Mvua ileile. Ila hapa maji yalikuwa tayari yamefanya barabara yao, mekundu, yana haraka, yamebeba mchanga, yanateremka kuelekea mjini. Kiongozi akaonyesha kwa fimbo: mchanga huo ndio unaokwenda kujaza mto huko bondeni, na mto ukijaa mchanga, maji yanatafuta pengine pa kupita. Pengine ndipo palipokuwa na chumba chetu na ukumbi.

Sisemi mkaa peke yake ndio ulioiangusha Jangwani. Wako waliojenga bondeni, nasi tulipanga humo. Wako wanaotupa takataka mtoni, na lami na mabati ya jiji lisilonywa hata tone. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na fedha za namna hiyo hazitolewi kwa sababu ya magunia matatu ya mtu mmoja. Lakini niliyaangalia yale maji mekundu na nikawa nayajua. Rangi ni ileile iliyoingia mlangoni kwetu.

Mwanachuo alikuwa kimya kwa mara ya kwanza siku hiyo. Baadaye akamuuliza msusi jiko la kuni chache linauzwa wapi, na msusi akamwambia Maili Moja, ila apunguziwe bei, asionekane mtu wa chuo.

Nilifika nyumbani usiku, matope hadi magotini. Mama alikuwa anaroweka maharage ya kesho. Nikamwambia nilikuwa Pugu, nikamwambia nimeuona unapoanzia. Hakuuliza nini. Aliendelea kuchambua mawe kwenye ungo kwa muda, kisha akasema, "Mpana kiasi gani?"

Nikanyoosha mikono, nikaona nimezidisha, nikaipunguza.

Akaiangalia mikono yangu. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama."

Akatikisa kichwa, akavuta jiko karibu, akalitazama, akaniambia nikaoge.