Msikiti wa udongo wa Djenné

Leo twendeni pamoja safari ya mbali, hata nchi ya Mali, katika mji wa Djenné. Mji huo umekaa katika nchi ya maji, karibu na mto Bani unaoingia katika mto Niger. Mafuriko yakijaa huwa kama kisiwa. Kila Jumatatu uwanja wa katikati hujaa watu wa soko, na juu ya mizigo yao ya samaki na mtama lasimama jumba ambalo macho hayachoki kulitazama: msikiti mkubwa, wote wa udongo.

Sisi Wakristo hatuingii ndani. Asiye Mwislamu amekatazwa mlangoni, nasi twaheshimu. Hata kwa nje twaona ya kutosha. Minara mitatu yatazama soko, na miti ya mvumo imetokeza ukutani kama miiba ya nungunungu. Vilele vimevikwa mayai ya mbuni. Jumba hili lilimalizika mwaka 1907, mahali pa msikiti wa kale uliokuwa umebomoka. Fundi mkuu alikuwa Ismaila Traoré, mkubwa wa chama cha waashi wa mji, ambacho wenyeji hukiita barey ton.

Udongo na mvua si marafiki. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya majira ya mvua, msikiti hukandikwa upya. Wazee na waashi huketi shaurini na kupatana siku. Matope hulowekwa pamoja na pumba za mpunga hata yaoze na kunuka, kwa maana matope yaliyooza hushika vema. Siku ikifika, vijana hukimbia na vikapu vya matope vichwani, wasichana huteka maji, waashi hupanda ile miti ya ukutani, ambayo ndiyo ngazi yao, na wazee hukaa wakitazama na kuonya. Mtoto aliyepakwa matope siku ile hatasahau kwamba nyumba hiyo ni yake pia.

Sasa tusimulie jambo la huzuni. Miaka mingi ya kukandika ilikuwa imeongeza tabaka juu ya tabaka, na paa lililemewa. Shirika la utamaduni la Aga Khan, lililokuwa limetengeneza msikiti wa mji jirani wa Mopti, lilitaka kusaidia. Mwaka 2006 watu wa kazi walipanda paani, wakaanza kuchimba ili wajue hali yake. Mji ukasikia kwamba wageni wanabomoa paa la nyumba ya sala. Watu wakamiminika. Waling'oa feni zilizotolewa na ubalozi wa Marekani, wakaharibu nyumba ya meya na ofisi ya utunzaji wa mji, wakavunja magari ya imamu. Mtu mmoja akafa.

Hakuna paa lenye thamani ya mtu, wala hatusifu fujo. Lakini tujiulize kwa nini hasira iliwaangukia meya na imamu pia. Twadhani watu waliona kwamba wakubwa wamekubaliana juu ya vichwa vyao. Wale waliopanda paani hawakuwa na nia mbaya. Paa kweli lilikuwa zito. Ila waliobeba udongo ule tangu utoto hawakuambiwa vya kutosha kwa nini unachimbwa.

Nasi tusiwacheke watu wa Djenné. Katika parokia moja tunayoijua, matofali ya kanisa yalibebwa kichwani na wanafunzi wa shule, ambao leo ni wazee wenye fimbo. Siku moja walikuja Misa, wakakuta madirisha ya zamani yameondolewa. Mzee mmoja alisema tu, “Mngalitwambia.” Akaketi nyuma.

Huko Djenné kazi ilianza tena mwaka 2009, na waashi wa mji ndio walioishika. Mwaka ule ule, tarehe 5 Novemba, mvua kubwa ilinyesha mchana na usiku, na sehemu ya juu ya mnara wa kusini ikaanguka. Mnara ulijengwa upya kwa fedha za shirika lile lile lililofukuzwa paani.

Maneno hayakuisha hapo. Tangu mwaka 1988 mji wa kale umeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, na nyumba za watu hazibadilishwi ovyo. Wengine hunung'unika: mgeni hupiga picha akaenda zake, bali mama wa nyumba hubaki na sakafu ya udongo, hali yeye alitamani vigae. Twaona manung'uniko hayo ni ya haki, na haitoshi kuwajibu kwamba mji wao ni mzuri. Tena tangu mwaka 2016 mji umo katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita na ukosefu wa usalama katika sehemu zile.

Hata hivyo udongo haungoji amani. Mvua hurudi kila mwaka, na wazee hawana budi kuketi tena kupatana siku.